Ndege wa Mama, Kalunguyeye wa Baba

Wazazi wangu walibishana juu ya mnyama mmoja muda wote nilioishi nao, na hakuna kati yao aliyejua kama aliwahi kumwona. Ni mnyama wa kwenye maandiko ya kale ya Kiebrania. Anatajwa mara tatu tu, na kila anapotajwa mji umeshabomoka, watu wametoweka, na yeye amebaki anaishi kwenye magofu. Jina lake husomeka kipod. Sisi nyumbani tuliliongezea irabu mwishoni likawa kipodi, na likatukaa mdomoni kana kwamba tumezaliwa nalo.

Baba alisema ni kalunguyeye, yule mdogo wa miiba anayejikunja ukimgusa. Mama alisema ni ndege, mmoja wa wale wanaojificha kwenye matete ya kinamasi na kutoa sauti nzito, kama mtu anayepuliza chupa tupu. Wataalamu wa dunia nzima wamegawanyika vilevile, kwa hiyo msidhani wazazi wangu walikuwa na kichaa. Walikuwa wafasiri tu, wakiyaleta maandiko hayo kwenye Kiswahili, ingawa sipingi kwamba tofauti ni ndogo.

Walifanya kazi chumba kimoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Ukipanda ngazi ulisikia kwanza redio za dukani zikijaribiwa, kisha mlio wa taipureta, kisha sauti ya mama ikisema hapana. Kulikuwa na meza moja ndefu yenye mguu mfupi, na chini ya mguu huo kadibodi iliyokunjwa ambayo kila mtu aliahidi kuibadilisha. Mimi nilitoka shule nikaenda moja kwa moja pale, nikakaa mwisho wa meza na hesabu zangu. Harufu ya gundi na wino ikinijia leo, hata sokoni, nasimama. Natamani kile chumba mpaka moyo unauma, na sioni haya kusema hivyo.

Walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mchungaji mstaafu tuliyemwita Mzee Kikohozi, kwa sababu hakuweza kutoa maoni bila kukohoa kwanza. Akikohoa mara moja anakubali. Akikohoa mfululizo, jiandae, kuna hotuba.

Na chumba kile kilikuwa na sheria yake ambayo sijaiona mahali pengine. Neno likiwashinda, walipiga kura. Lakini hukuruhusiwa kupiga kura mpaka umeieleza hoja ya mpinzani wako, kwa mdomo wako mwenyewe, vizuri kiasi cha yeye kusema "ndivyo". Asiporidhika alisema "bado", nawe ukaanza upya. Mzee Kikohozi aligawa "ndivyo" kama peremende. Baba alitoa kwa haki. Mama alikuwa mchoyo wa kutupwa. Ungemweleza hoja yake vizuri kuliko yeye mwenyewe, angekutazama juu ya miwani na kusema, "Bado. Hapo umenipunguzia." Ndiyo maana wakamwita Bi Bado, na hakuwahi kukasirika.

Siku ya kura ya kipodi nilikuwepo. Baba alisimama akaeleza upande wa ndege, akaambiwa bado. Akarudia, akaambiwa bado. Mafundi wa dukani chini walishafunga, hesabu zangu zilishaisha, na baba bado alikuwa amesimama anamtetea ndege asiyemwamini, jasho linamtoka. Mwishowe mama akasema ndivyo. Kisha mama naye akamweleza kalunguyeye, na baba akasema ndivyo mara ya kwanza tu, maana mama alijua kujieleza. Mzee Kikohozi akakohoa mara moja upande wa ndege, na mambo yakaishia hapo. Ndege akaingia kwenye tafsiri, mahali pote patatu.

Tuliporudi nyumbani mama alipiga mluzi njia nzima. Baba alitengeneza chai yeye mwenyewe. Hakuvunja kikombe, lakini kila kimoja alikitua mezani kwa kishindo.

"Umeshindwa, mwenzangu," mama akamwambia. "Kunywa chai."

"Nimeshindwa kura," baba akasema. "Sijashindwa hoja."

Basi, kuanzia siku hiyo ubishi ulihamia nyumbani kwetu, ukakaa kama mgeni asiyeaga. Baba angekuwa amejipaka sabuni usoni anyoe, ghafla anatoa kichwa mlangoni: "Waarabu wana neno ndugu yake kabisa, na maana yake ni kalunguyeye. Unasemaje?" Na mama, huku anakata vitunguu, bila kugeuka: "Nasema neno ndugu si neno lenyewe. Wewe na kaka yako ni ndugu, mbona yeye ana akili?" Baba angesema wanaozungumza Kiebrania siku hizi wanamwita hivyohivyo kalunguyeye. Mama angesema siku hizi si siku zile. Mama angesema katika maandiko yenyewe mnyama huyo ametajwa pamoja na ndege, penye madimbwi, tena analala juu ya vichwa vya nguzo. Kalunguyeye gani huyo, amepanda kwa ngazi? Baba angesema nguzo zimeanguka, mama, mji umebomoka, vichwa vya nguzo viko chini kwenye majani! Hapo mama angeweka kisu chini, na mimi nilijua chakula kitachelewa.

Kwetu kitu chochote kisichojulikana kikawa kipodi. Doa kwenye shuka lililokataa kutoka, kipodi. Yule jamaa wa ukoo aliyekuja msibani na kulia kuliko wote, na hakuna aliyejua ni mtoto wa nani, alikuwa kipodi. Nilipoanza kutoka na kijana mmoja na kukataa kusema jina lake, mama akamwambia baba, "Binti yako ana kipodi." Baba akauliza, "Wa miiba au wa mabawa?"

Nilikuwa nawaonea aibu mbele ya wenzangu. Wazazi wa wengine waligombana kwa pesa na kwa wivu, mambo ya watu wazima, na wangu wanatoana macho kwa ajili ya mnyama mmoja. Nilichelewa kujua kwamba walikuwa wanapendana mbele ya macho yangu mchana kutwa.

Mama alipougua, baba aliendelea. Alikuja wodini na hoja mpya kila siku, nyingine za maana, nyingine alizitunga kwenye foleni ya lifti. Siku moja walipandisha sauti hadi nesi akamtoa baba nje kwa mkono, akamwambia aone haya, mgonjwa ni wa kugombezwa? Mama akajikokota kukaa, akamwita yule nesi. "Mrudishe," akasema. "Sijamaliza naye."

Hakumaliza naye. Alifariki mvua zilipoanza, na nyumba ikawa kimya hata friji ikinguruma tulishtuka.

Mimi natengeneza miwani. Nina kibanda changu cha kioo karibu na hospitali ya macho, nina bisibisi zangu ndogo kama sindano, na wateja wangu wengi ni wazee waliokalia miwani yao. Nimewarudishia watu wengi uwezo wa kusoma magazeti. Baba macho yake yaliharibika kwa ndani, mahali ambapo kioo hakifiki, na kila nikimwona anapapasa meza kutafuta kikombe nasikia hasira, sijui kwa nani. Nilirudi kuishi naye. Jioni nilimsomea. Akinisikiliza alikuwa kama mtu anayesubiri kuingiliwa maneno, na hakuna aliyemwingilia.

Ndipo simu ilipokuja. Tafsiri ya zamani inarekebishwa, akasema mwenyekiti wa jopo jipya, mama mmoja mwenye sauti ya upole. Wako wajumbe wanne. Wamekwama kwenye neno moja, wawili huku, wawili kule. Wanamwomba mzee, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki kati ya wale wa kwanza, aje apige kura ya kukata maneno.

"Neno lipi?" baba akauliza, ingawa nilimwona amekwisha kujua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo roho yangu ilipokuwa. Majina ya wafasiri hayakuchapishwa kwenye ile tafsiri. Ndio ulikuwa utaratibu wao. Mama hakuacha kitu kingine chenye alama yake. Sura zote walizifanya pamoja, huwezi kusema mstari huu ni wake. Ila wale ndege watatu. Wale walikuwa wa mama peke yake, alikuwa amewapigania, na mahali popote mtu anaposoma habari za miji iliyobomoka, mama alikuwa hapo kwenye matete. Baba akisema kalunguyeye, mama anafutwa. Na safari hii hayupo kujitetea.

Nilianza kampeni siku hiyohiyo. Chai ilikuja na maziwa mengi. Nilimtafutia zile soksi za sufu anazozipenda. Nikamkumbusha, kama vile imenitoka tu, mluzi wa mama siku ile ya kura. Nilimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi mwenyewe nikajishtukia.

"Mwanangu," akasema siku ya tatu, "unaninunua kwa soksi?"

"Nakutunza tu, baba."

"Unanifanyia kampeni ya ndege."

Nikaona kujificha hakuna maana. "Ndiyo. Unataka kumshinda mama akiwa hayupo? Ni uungwana huo?"

Akanipa mgongo. Alizivaa zile soksi lakini.

Ofisi mpya iko kwenye jengo refu lenye mlango unaojifungua wenyewe. Chumba kilikuwa baridi, meza ya kioo, kila mjumbe na kompyuta yake. Nilimkalisha baba, nikakaa nyuma yake kidogo kama kawaida ya msindikizaji. Mwenyekiti alimshukuru kwa kuja, akaeleza hoja za pande zote mbili kwa ufupi, vizuri tu, kisha akasema wanaomba kura yake, anaweza hata kusema kwa mdomo, hakuna haja ya kuandika.

"Nani anamsemea ndege hapa?" baba akauliza.

Wale wawili wa upande wa ndege wakajitambulisha. Mmoja alikuwa dada mwembamba mwenye sweta la kijani.

"Siwezi kupiga kura bado," baba akasema. "Sijaieleza hoja yenu."

Wakatazamana. Mwenyekiti akasema, kwa heshima, kwamba hoja zote zimeshaandikwa, ziko kwenye kompyuta. Baba akatikisa kichwa. Akawaambia sheria ya kile chumba cha juu ya duka la umeme. Aliwaambia taratibu, na nikaona yule dada wa sweta la kijani ameacha kuchapa.

"Haya, mzee," mwenyekiti akasema. "Lakini nani atasema ndivyo? Sisi?"

"Ninyi hoja hii mmeikuta," baba akasema. "Mwenyewe ni marehemu mke wangu. Binti yake huyu hapa. Alisikia yote."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mimi ni fundi miwani, sijui herufi moja ya Kiebrania. Lakini ni kweli nilisikia yote. Nikasogeza kiti.

Baba akasimama. Alishika ukingo wa meza, akamweleza ndege wa mama. Alieleza madimbwi, alieleza wale ndege wengine waliotajwa pembeni, alieleza vichwa vya nguzo. Alieleza tafsiri za kale zilizosema hivi na zilizosema vile, na kwa nini mama hakuziamini zilizompinga. Hata vichekesho vya mama aliviweka, na kile cha kalunguyeye na ngazi kikawachekesha wote. Mkono wake ulikuwa unakata hewa kama vitunguu vinakatwa. Alisema kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba mjumbe mmoja wa upande wa kalunguyeye alianza kukuna kidevu. Alipomaliza aligeuza uso upande wangu, macho yale yasiyoniona.

"Bado," nikasema.

Sikupanga kulisema. Mwenyekiti alinigeukia kwa mshangao, lakini baba hakushangaa. Alijua alichokiruka. Alikiruka miaka yote, hata siku ile ya kura alikisema cha mwisho kabisa, baada ya mama kumrudisha mara nyingi.

"Ile si hoja," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mama yako alijua kwamba si hoja."

"Bado, baba."

Akapangusa mdomo. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Kisha akasema, si kwa wajumbe, kwa meza:

"Alisema hivi. Kalunguyeye akikaa kwenye magofu ni kwa sababu hana pa kwenda. Miguu mifupi, atafika wapi. Lakini mwenye mabawa angeweza kuondoka. Watu wameondoka, moto umepita, hakuna kilichobaki, na yeye angeweza kuruka aende zake, na hakwenda. Alisema akikaa, basi amependa kukaa. Alisema huyo ndiye anayefaa kuandikwa. Mimi nilimwambia hiyo si hoja, hiyo ni huruma. Akaniambia niandike hivyohivyo."

Dada wa sweta la kijani alikuwa analia waziwazi.

"Ndivyo," nikasema.

Nilikuwa nimeshinda. Niliona hivyo, niliona kila uso mle chumbani ukiona hivyo. Hakuna binadamu angesimama akasema maneno yale kisha akamfuta mama. Mwenyekiti akauliza kwa upole sana kura ya mzee ni ipi.

Baba akainua mkono. "Kalunguyeye," akasema.

Akaendelea kuuinua. Mwenyekiti alimshukuru, akaandika, akatangaza tatu kwa mbili, akasema ndege atatajwa kwenye maelezo ya chini kwamba maana ya neno hili haijulikani kwa hakika. Mkono wa baba ulikuwa bado juu. Niliushusha mimi, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sikumsemesha kwenye lifti. Sikumsemesha kwenye ule mlango unaojifungua. Nilimshika kiwiko nikamwongoza kando ya barabara kwa wajibu tu, na kila nilipofikiria maelezo ya chini, yale maandishi madogo ambayo wateja wangu wanakuja kwangu kwa sababu hawawezi kuyasoma, damu ilinichemka.

"Umekasirika," akasema.

"Sana."

"Niliulizwa neno lina maana gani. Sikuulizwa nampenda nani."

"Najua ulichoulizwa, baba."

Tukaenda kidogo. Gari la takataka lilipita, tukasubiri lipite.

"Mama yako angekasirika zaidi yako," akasema.

"Angekuua."

"Angeanzia palepale mezani. Asingengoja niushushe mkono." Alitabasamu, kisha tabasamu likamponyoka, na uso wake wote ukaporomoka mbele yangu katikati ya watu wanaopita. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya mazishi. "Ningempigia kura yeye, ingekuwa nimemuaga. Tumeshakubaliana, basi, kwaheri. Mimi sikutaka kumuaga. Nilitaka akasirike, mwanangu. Nikainua mkono, nikangoja."

Alikuwa amenishika mkono wa nguo kama mtoto.

"Nikangoja," akasema tena, "na hakuna aliyenipinga."

Hasira yangu sikuiona tena ilikoenda. Nilimkumbatia pale kando ya barabara, na tukasimama hivyo mpaka aliponiambia twende nyumbani.